Bomba Lililopanda Mlima

Mtaa mzima uliwaita mafundi. Mume alikuwa fundi bomba, mke fundi cherehani, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na ufundi wake na jeuri yake, hata wao wenyewe waliitana hivyohivyo. "Fundi!" "Naam, fundi." Mgeni akipiga hodi na kuuliza kama fundi yupo, alijibiwa na sauti mbili kwa pamoja, moja ya jikoni na nyingine ya uani, halafu zikaanza kubishana ni nani hasa anayetafutwa.

Lakini kinyozi hajinyoi. Mume alikuwa amehangaikia mabafu ya watu tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na bafu lake mwenyewe lilibaki na lile hodhi la zamani la kuogea, la chuma kizito kilichopakwa rangi nyeupe, lenye kingo zilizopita goti. Alilipata kwenye nyumba moja aliyokuwa akifanya kazi, wenyewe wakitaka kulitupa, akalileta kwa mkokoteni mwaka aliozaliwa binti yao. "Mke wangu ataoga kama malkia," aliwaambia wanaume waliomsaidia kulibeba, nao wakamcheka mpaka mlangoni. Mke wake akaoga kama malkia kweli, mpaka siku nyonga yake ilipokataa.

Nyonga ya malkia ilianza kwa kuuma, ikaendelea kwa kukwama, ikaishia kwenye fimbo. Kuvuka ukingo wa hodhi kukawa safari ya watu wawili. Kila jioni mume alikunja mikono ya shati, akampitishia mkono chini ya kwapa na kumwambia, "Haya fundi, mguu wa kushoto," na mke akavuka. Kisha mume alikaa kwenye kigoda pembeni, akamsugua mgongo, akammwagia maji, akamvusha tena na kumfuta.

Alikuwa na mikono mizuri, hilo mke hakulikana. Mikono iliyozoea spana ilijua kushika bila kubana. Tatizo halikuwa mikono. Tatizo ni kwamba mama yule alipenda kununa, na sasa hakuwa na pa kununia.

Jamani, kununa ni haki ya kila aliyeolewa. Zamani mume akimuudhi, alijifungia bafuni, akajaza maji, akalala humo na hasira zake mpaka zikapoa pamoja na maji, akatoka mwepesi. Siku hizi aliudhiwa asubuhi, akanuna mchana, na jioni ikambidi amnyooshee mkono yuleyule aliyemuudhi. Jaribu wewe kumnunia mtu anayekusugua kisogo! Hasira iko kooni, maji ya uvuguvugu yanakushuka mabegani, naye anakuuliza, "Hapa ndipo panapowasha?" Na kweli ndipo hapo hapo. Hapo mtu atanuna vipi?

"Nataka kuoga mwenyewe," alimwambia jioni moja akiwa bado na povu masikioni. "Niingie ninapotaka, nitoke ninapotaka, na mlango niufunge."

Mume alimwaga kopo moja la maji, akalijaza lingine. "Haya," akasema.

Binti yao aliposikia alifurahi kuliko wote. Alikuja na gari la kukodi, akashusha shawa mpya, vyuma vya kushikilia ukutani, na brashi yenye mpini mrefu ya kujisugulia mgongo. Baba yake aliipokea brashi ile, akaigeuza huku na huku, akaupima mpini kwa macho.

"Mke mwenza nimesikia," alisema. "Mume mwenza ndiyo leo namwona."

Walicheka wote watatu, na mke akaitundika brashi kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba. Baadaye alikuja kukumbuka kwamba mumewe ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza.

Kazi ilianza vizuri. Jirani yao mchomeleaji alikuja na vijana wake, wakalitoa hodhi kwa kelele na jasho, wakaliweka uani kando ya ukuta. "Shemeji, hili tumelibeba mara ya mwisho," jirani alisema akijishika kiuno. "Likitaka kurudi ndani lije na miguu yake." Kuku wa jirani huyohuyo walikuja kulikagua kabla hata halijatulia.

Juu ya meza ya chai mume alimweleza mkewe mpango wote kwa kijiko na maganda ya karanga. Tundu la zamani la kutolea maji lilikuwa kwenye kona ya mbali, chini ya dirisha. Likibaki kule, sakafu nzima itabidi ilale kuelekea dirishani, na sakafu iliyolala ni mtego kwa mtu mwenye fimbo. Kwa hiyo tundu litahamia upande wa mlango, karibu na benchi la saruji atakalokalia, na sakafu itainama kidogo tu, kama sahani. Kutoka hapo bomba jipya litapita chini ya sakafu mpaka dirishani, likutane na lile la zamani linaloelekea nje.

"Juu ni mlangoni, chini ni dirishani," alisema, akiinua kijiko upande mmoja. "Maji hayana ubishi, fundi. Wewe yape mteremko, yenyewe yanajua kwenda."

Basi ndiyo hayo maji yasiyo na ubishi yakaanza kumshinda. Alichimba mtaro, akalaza bomba, akalitoa. Kiwiko, kile kipande cha bomba kilichopinda, hakikukaa sawa, alisema, akaenda dukani kukibadilisha. Akalaza tena, akalitoa tena, safari hii gundi haikushika. Mara kokoto za chini si nzuri, mara hali ya hewa. Wiki ikapita, ikaja nyingine, na bafu likawa limelala wazi kama mgonjwa wa upasuaji aliyesahauliwa mezani.

Wakati huo wote mke aliogea chumbani, amekaa kigodani ndani ya beseni kubwa, mume akichota na kumwaga. Na jambo la ajabu ni kwamba mume alikuwa na furaha. Alipasha maji akipiga mluzi. Alimsimulia habari za vitu alivyowahi kuvikuta kwenye mabomba ya watu: meno ya bandia ya mwenye nyumba aliyekuwa akimlaumu paka, pete ya bwana harusi aliyesema imeibiwa, soksi moja ambayo katika nyumba nzima hakupatikana wa kuikiri. Mke alicheka mpaka maji yakamwagika sakafuni. Alijiuliza tangu lini mwanamume huyu anafurahia kazi inayomharibikia, maana zamani bomba likivuja tone moja hakula.

Ijumaa binti alipiga simu.

"Mama, ile kazi bado tu?"

"Baba yako anajua anachokifanya."

"Mama, miwani yake niliikuta kwenye friji."

"Hata mimi uzi wangu nimewahi kuutia kwenye sukari."

"Sikiliza mama yangu. Baba amezeeka, na si aibu. Jumatatu nakuja na fundi. Ni mtu wa heshima, baba atakaa pembeni amwelekeze."

"Mwanangu," mama alisema, "fundi bomba kuletewa fundi bomba nyumbani kwake? Bora umletee sanda."

Alikata simu kwa kishindo, lakini moyo wake ulikuwa umeshaingiwa na ubaridi. Alikumbuka miwani kwenye friji. Alikumbuka jinsi mumewe alivyosimama juzi katikati ya uani, spana mkononi, akilitazama lile hodhi muda mrefu kama aliyesahau alichofuata. Usiku ule alimsikiliza akikoroma na akamwomba Mungu amwachie kichwa chake, hata kama ni kwa gharama ya nyonga yake nyingine.

Asubuhi mume aliondoka kwenda kununua kiwiko kingine. Mke alisubiri geti lifungwe, akachukua fimbo na kigoda, akaingia bafuni, akakaa mbele ya mtaro.

Macho yaliyoishi kwa kutazama pindo hayahitaji kuambiwa. Bomba lilikuwa limelala ndani ya mtaro, kutoka tundu jipya mlangoni hadi ukuta wa dirisha, na upande wa dirishani pindo lilikuwa limepanda. Alijiambia labda ni kivuli. Akaichukua pima maji ya mumewe, ule ubao mfupi wenye kioo na povu la hewa ndani yake, akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akaiweka juu ya bomba. Tangu ujana alimshikia tochi mtu yule, na aliijua kanuni yake: povu hukimbilia juu, maji hukimbilia chini. Povu likakimbilia dirishani.

Bomba lilikuwa linapanda mlima. Maji yote ambayo angeoga yangerudi kuja kumlowesha miguu. Kosa lile hata mwanagenzi wa siku ya kwanza asingelifanya, na mumewe angeweza kulaza mteremko huku amefumba macho. Kichwa kimemwacha, mke aliwaza. Kweli kimemwacha. Akalia pale pale kigodani, mtu mzima, akijifuta kwa ncha ya kanga na vumbi la saruji likimwingia machoni.

Alipomaliza kulia alitaka kujua bomba limekwama wapi. Akapitisha mkono chini yake upande wa dirishani, akagusa kitu laini. Akavuta. Kilikuwa kipande cha tofali, kimetiwa chini ya bomba kuliinua, na kimefungwa kitambaa. Si kufungwa hivihivi. Kona zimekunjiwa ndani na uzi umezungushwa mara kadhaa, ili tofali lisilikwaruze bomba. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha maua ya bluu, alichokijua vizuri, maana kilibaki alipojishonea gauni mwaka jana.

Mama akakitazama kile kifurushi. Mtu aliyepotewa na akili haliviki tofali nguo. Huyu alikuwa ameufanya uharibifu wake kwa ufundi wote aliojaliwa, kwa makusudi, kila siku, huku akipiga mluzi.

Furaha ilimjia kwanza, kwamba kichwa cha mumewe ni kizima. Kisha hasira ikafika, ikaisukuma furaha pembeni na kuchukua kiti.

Mume alirudi na kiwiko chake kwenye mfuko. Alipomwona mkewe amekaa mbele ya mtaro, mluzi ukakatika katikati.

"Fundi," mke alisema.

"Naam, fundi."

"Hili bomba linapanda mlima."

Mume aliangalia bomba, akaangalia dari. "Labda hiyo pima maji imeharibika."

"Labda. Na hili limeharibikaje?" Akamwonyesha tofali lililovaa gauni lake.

Mume alivua kofia, akaketi juu ya mfuko wa saruji, akaiweka kofia gotini na kuanza kuinyoosha ukingo.  Kuku wa jirani walisikika uani wakidonoa ndani ya hodhi.

"Kitambaa umekitoa wapi?" mke aliuliza, kwa sababu la kuuliza hasa lilikuwa halijamtoka kinywani.

"Kwenye kapu lako la vipande."

"Bila kuomba."

"Bila kuomba."

"Mwenzio nimelia hapa. Nimedhani akili imekutoka. Nimekaa nimelia kama niliyefiwa."

Hapo mume aliinua uso. "Umelia?"

"Nimelia. Na Jumatatu mwanao anakuletea fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi bomba."

Neno lile lilimpata pale pale. Alifumba macho kama aliyekanyaga msumari. Alipoyafumbua hakumtazama mkewe, alilitazama bomba na kusema nalo.

"Nilipokuwa na nguvu nilikuwa kwenye mabafu ya watu. Asubuhi natoka umelala, usiku narudi umelala, bado una pini kwenye kifua cha gauni, nazichomoa mojamoja nisikuamshe. Tumezeeka hivyohivyo, kwa kupishana. Halafu nyonga ikakuharibikia, Mungu anisamehe, mimi nikapata jioni. Unakaa, humalizi kwa haraka, unanisikiliza. Mezani sina la kusema, unanijua. Lakini nikishika lile kopo maneno yanakuja." Akaigeuza kofia gotini. "Sasa ukioga mwenyewe na mlango umeufunga, mimi nitakuwa fundi wa nini humu ndani?"

 Mke alikuwa amejiandaa kwa uongo, kwa ubishi, hata kwa kelele, ila si kwa hili. Na ukweli ni kwamba yeye pia alizipenda zile jioni. Alizipenda zile habari za meno na soksi. Alimpenda huyu mwanamume mwenye vumbi kwenye nyusi, tena siku hizi kuliko ujanani, na hilo hakuwahi kumwambia kwa kuwa alidhani linaonekana.

Lakini tofali bado lilikuwa mkononi mwake.

"Kwa hiyo ili uendelee kuniogesha, ukaninyima kuoga," alisema taratibu. "Fundi, mimi mikono yako siichoki. Ninachochoka ni kutokuwa na pengine pa kwenda. Nikikasirika niko mikononi mwako, nikifurahi niko mikononi mwako. Mtu asiyeweza kuondoka, utajuaje kama amebaki kwa kukupenda?"

 Mume aliinyoosha tena kofia ambayo ilikuwa imeshanyooka. Kisha akaivaa, akapiga magoti kwenye mtaro na kunyoosha mkono bila kugeuka.

"Nipe pima maji," alisema. "Na tochi nishikie, kama zamani."

Kazi iliyochukua wiki mbili ilimalizika kabla sufuria la mchana halijachemka. Alitengua maungio, akasawazisha kokoto kwa kiganja, akalaza bomba, akaliunga. Hakubahatisha hata mara moja. Mkewe alimtazama akifanya na akaona fahari ile ile ya zamani, akaificha nyuma ya tochi. Povu lilipotulia, lilitulia upande wa mlangoni.

Kisha mume akamtuma nje akachunge chemba, lile shimo la uani linalopokea maji machafu ya nyumba. Mke alitoka na fimbo yake, akafukuza kuku, akakaa kwenye ukingo wa lile hodhi la zamani. Ukingo uliomtesa miezi yote ile sasa ulikuwa kiti cha kadiri yake.

"Namwaga!" mume alipaza sauti dirishani.

"Mwaga!"

Alisikia ndoo ikimiminwa, na papo hapo maji yakatokea chembani, meupe kwa vumbi la saruji, yakipita mbio.

"Yamefika!" alipiga kelele. "Fundi, yamefika yote!"

Binti aliambiwa kwa simu amshukuru yule fundi wake na asihangaike kuja naye. Zikafuata siku za saruji, za vigae na za kungoja vikauke, na mume hakuchelewesha hata siku moja. Alijenga benchi, akafunga vyuma vya kushikilia, akamkalisha mkewe apime kama anavyopima mteja wa suti. Komeo la mlango alilishusha chini, usawa wa benchi, ili mtu aliyekaa aweze kulifunga na kulifungua bila kunyanyuka. Hilo hakuombwa.

Jioni ya kuoga ikafika, na ingepita kwa amani kama si mkasi.

Mke alikuwa na mkasi wa kitambaa, mmoja tu, alioulinda kuliko macho yake. Mkasi wa fundi cherehani haukati karatasi, haukati kamba, haukati chochote kisicho kitambaa, na mtoto wa nyumba ile alijifunza hilo kabla ya kusema mama. Alipoingia kuchukua taulo aliuona juu ya ndoo ya zana, meno yake yamebeba vipande vya plastiki.

"Fundi."

"Naam, fundi."

"Mkasi wangu umeukatia nini?"

"Karatasi la nailoni tu, la kufunika vigae. Mara moja."

 Mke alichukua taulo, akachukua ile brashi ya mpini mrefu msumarini, akaingia bafuni na fimbo yake, akafunga mlango. Komeo likasema ka!

Alikaa kwenye benchi akafungua maji. Yalimshukia kichwani, mabegani, magotini, yakazunguka kidogo sakafuni na kwenda zake kwenye tundu bila kugugumia. Hakuna aliyemuuliza panapowasha. Alijipaka sabuni kwa muda aliotaka, mara mbili kila mguu, akinuna kwa nguvu zote. Alinuna kwa ajili ya mkasi, akanuna kwa ajili ya tofali, akanuna hata kwa madeni ya zamani yaliyokosa nafasi. Ilikuwa raha isiyo na kifani.

Kisha akachukua brashi, akaipitisha begani. Ilifika. Ilifika mpaka chini kabisa ya mgongo, ikasugua vizuri, na haikuwa na habari yoyote ya kusimulia. Mke akaitazama. Akainama, akaitumia kusugulia vigae vya ukutani vilivyobaki na utando wa saruji, na kwa kazi hiyo ilikuwa brashi nzuri sana.

Nje ya mlango alisikia kigoda kikilia. Kilikuwa kimelia hivyo tangu alipofungua maji. Mtu alikuwa amekaa pale, kimya, akisikiliza maji yanavyoshuka.

"Fundi!" mke aliita.

"Naam, fundi."

"Mgongo."

Kigoda kikalia tena. "Si una brashi yako?"

"Ina saruji. Na usije ukadhani nimekusamehe. Bado nimenuna."

Akanyoosha mkono kutoka pale pale alipokaa, akafungua komeo. Mume aliingia akiwa ameshakunja mikono ya shati.

"Nuna tu, fundi," alisema, akavuta kigoda. "Sogea kidogo."